ASKARI WA LANGONI: VIRUSI VYA UKIMWI NA KINGA TULIYOZALIWA NAYO

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Ndugu msomaji, mimi nimeuona mguu huo ukiota tende nyumbani kwetu, na mwiba wenyewe mimi ni mmoja wa waliosaidia kuudharau. Ndiyo maana Chama cha Kiswahili kilipotangaza kwamba kinapokea makala za jarida la mwaka huu, sikuchagua kuandika kuhusu usafi wa mazingira wala madhara ya dawa za kulevya kama walivyofanya wenzangu wengi. Nimechagua jambo nililodhani nalijua barabara, kumbe nilijua nusu yake tu.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, swali moja la mtihani wa Bayolojia liliuliza: virusi vya UKIMWI hudhoofisha vipi kinga ya mwili? Nikajibu kwamba virusi hivyo huingia katika chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, huzaana humo na kuziua, na chembe hizo zikipungua sana mwili hushindwa kupigana na maradhi. Nikapata alama zote. Mwalimu akaandika "Vyema" kwa kalamu nyekundu, nami nikatembea na karatasi ile kama aliyeshinda bahati nasibu.

Sasa, tunaishi na mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu. Yeye ana virusi na hapo nyumbani jambo hilo si siri. Amenipa ruhusa niandike habari hizi, ila alisema, "Andika yote, lakini jina langu usiliguse." Jioni moja alirudi kutoka kliniki na karatasi mkononi. Akaniita jikoni.

"Wewe ndiye msomi wa hii nyumba. Hapa wameandika CD4 ni mia sita na ishirini. Hiyo ni nyingi ama ni kidogo?"

Nikajibu papo hapo, "Ni nyingi, Anti. Hata mtu asiye na virusi huwa nazo kuanzia mia tano hivi kwenda juu. Wewe ni kama mzima tu."

Aliikunja ile karatasi akatabasamu. Miezi miwili baadaye aliacha kumeza dawa, na hakumwambia mtu yeyote. Tulikuja kujua baada ya miezi minane, wakati kikohozi kilipokuwa kimemkondesha hadi nguo zikawa zinamning'inia, na usiku shuka zake zinalowa jasho. Alilazwa. Ilikuwa kifua kikuu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai na uji hospitalini baada ya masomo ya jioni. Siku ya tatu nilipata ujasiri nikamwuliza muuguzi aliyekuwa zamu, "Sista, nimesikia CD4 zake sasa ni mia tatu na kumi. Hizo si haba. Mbona ameugua hivi?"

Sista alinitazama, akachukua bahasha tupu ya dawa, akachora mraba na lango. Akasema, "Mwanangu, hesabu ya CD4 ni hesabu ya askari walio kambini. Haikuambii lango liko katika hali gani." Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Nilimsumbua mwalimu wetu wa Bayolojia mpaka akaniazima kitabu chake cha chuo, na kila Jumamosi nikawa naenda maktaba mjini. Haya ninayoyaeleza ndiyo niliyoyapata. Baadhi ya majina hayana Kiswahili kilichozoeleka, kwa hiyo nimeyaandika jinsi yanavyotamkwa.

KINGA NI MBILI, SI MOJA

Kwanza tuelewe kwamba mwili wa binadamu una kinga za aina mbili. Ipo kinga tunayozaliwa nayo na ipo kinga inayojifunza.

Kinga inayojifunza ndiyo ile yenye CD4 na zile chembe zinazotengeneza kingamwili. Hii hufanya kazi kama kiranja mwenye orodha: inamjua adui kwa jina lake na inakumbuka sura yake kwa miaka. Chanjo hufanya kazi kupitia kinga hii. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Ikikutana na adui mgeni huhitaji siku kadhaa kabla ya kuwa tayari.

Kinga tuliyozaliwa nayo ni kama bawabu wa shule. Bawabu hajui jina la kila mwizi, lakini anajua kwamba mtu anayeruka ua saa nane za usiku si mwanafunzi. Hangoji orodha. Anapuliza kipenga na kukimbia na rungu lake. Katika mwili, kinga hii huanza na ngozi, machozi, mate, kamasi na asidi ya tumboni. Nyuma ya hizo kuna chembe za aina kadhaa, nami nitataja nne. Nutrofili ndizo nyingi zaidi miongoni mwa chembe nyeupe za damu, na hufika haraka mahali palipojeruhiwa. Makrofeji ni chembe kubwa ambazo humeza wadudu na takataka. Dendriti zina matawi kama mti. Kazi yake ni kumkamata adui na kupeleka habari zake kambini. Mwisho wapo wauaji wa asili, ambao huzunguka wakikagua chembe za mwili wenyewe na kuziua zile zilizoharibika.

Kinga hii ni ya kale sana. Mwaka 1882, katika mji wa Messina nchini Italia, mwanasayansi Mrusi aitwaye Élie Metchnikoff alichukua viti vya pweza vichanga, ambavyo miili yake hupenya mwanga, akavichoma kwa miiba midogo. Kesho yake asubuhi aliona chembe zimeuzunguka mwiba pande zote kana kwamba zinataka kuula. Viumbe wale hawana CD4 wala kingamwili, lakini walijua kupigana na mwiba. Mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani. Lakini swali moja lilibaki: bawabu hutambuaje kwamba huyu ni adui? Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba chembe hizi zina vipokezi vinavyonusa alama ambazo wadudu wa maradhi wanazo na sisi hatuna. Jules Hoffmann alilionyesha jambo hilo kwa nzi wa matunda mwaka 1996, na Bruce Beutler kwa panya mwaka 1998. Wote wawili walipewa Nobel mwaka 2011, pamoja na Ralph Steinman aliyegundua dendriti.

Jambo la muhimu la kukumbuka ni kwamba kinga hizi mbili hutegemeana. Dendriti zisipopeleka habari, CD4 hazijui kuna vita. Na CD4 zisiporudisha amri, makrofeji hupigana kwa nguvu nusu. Bawabu na kiranja wakikosa kuelewana, shule yote imekwisha.

VIRUSI HUWAGEUZA WALINZI KUWA GARI

Virusi vya UKIMWI haviingii katika kila chembe. Vinahitaji mlango wenye kitasa na komeo. Kitasa ni ile protini iitwayo CD4, na komeo mara nyingi ni protini nyingine iitwayo CCR5. Hapa ndipo jibu langu la mtihani lilipopungukiwa. Nilidhani protini ya CD4 inapatikana kwa askari wale wa kambini peke yao. Kumbe hata makrofeji na dendriti zinayo, ingawa ni kidogo zaidi, na komeo pia zinalo. Kwa hivyo bawabu naye ana mlango ambao mwizi anaweza kuuingia.

Hebu tuanze na dendriti. Virusi vikipenya utando laini wa sehemu za siri, baadhi hukamatwa na dendriti. Hilo lingekuwa jambo jema. Lakini mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi na wenzao walieleza kwamba dendriti zina kulabu juu ya ngozi yake ambayo virusi hung'ang'ania bila kumezwa na kusagwa. Dendriti nayo, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka habari, husafiri hadi kwenye tezi za limfu ambako CD4 zimejaa tele. Ikifika huko huwa imembeba adui mgongoni mpaka katikati ya kambi. Ni kama tarishi anayepeleka barua kwa mkubwa bila kujua kwamba ndani ya bahasha kuna nyoka.

Kuna aina nyingine ya dendriti ambayo kazi yake ni kumwaga intaferoni kwa wingi. Intaferoni ni kama mayowe ya jirani: chembe zikiisikia hufunga milango yake ili virusi visizaane humo. Kwa watu wenye virusi vya UKIMWI wasiotibiwa, dendriti za aina hii hupungua katika damu, na zile zinazobaki hupiga mayowe ovyo.

Makrofeji nazo zina mkasa wake. CD4 ikivamiwa mara nyingi hufa upesi. Makrofeji ikivamiwa haifi haraka hivyo. Inaweza kuendelea kuishi kwa majuma mengi huku imevificha virusi tumboni mwake, ikitembea navyo hadi mapafuni na hata kwenye ubongo. Zaidi ya hayo, uwezo wake wa kumeza na kuua wadudu hupungua. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kinachokula kiko ndani ya mlinzi mwenyewe.

Nutrofili pia huathirika. Kwa wagonjwa wengi, hasa ugonjwa ukizidi, idadi yake hushuka na zilizopo huzeeka upesi. Kuna CD4 fulani ambazo kazi yake ni kuziita nutrofili zije kwenye utando wa kinywa na utumbo. CD4 hizo zikiuawa, mwito haupigwi. Ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa kuota ule utando mweupe mdomoni, ambao ni fangasi tu wa kawaida ambao wewe na mimi tunaishi nao kila siku bila kujua.

HILA YA BEJI

Sasa nieleze hila iliyonishangaza kuliko zote. Karibu kila aina ya chembe ya mwili wako huvaa beji juu yake. Beji hizi zina kazi mbili. Askari wauaji wa ile kinga inayojifunza huzisoma ili waone kama ndani ya chembe kuna vipande vya virusi. Nao wauaji wa asili hukagua kama beji zipo. Wakikuta chembe haina beji huishuku na kuiua, jinsi mwalimu wa zamu anavyomrudisha nyumbani mwanafunzi asiye na sare.

Ungekuwa wewe ni virusi ungefanyaje? Ukiacha beji zote, askari wauaji watasoma na kukugundua. Ukitoa zote, wauaji wa asili watakujia. Virusi vya UKIMWI vina protini iitwayo Nef, ambayo huziondoa zile beji zinazosomwa sana na askari wauaji, lakini huacha nyingine ambazo huwatuliza wauaji wa asili. Hivyo pande zote mbili hupita zikidhani mambo ni shwari. Juu ya hilo, maambukizi yakikaa muda mrefu bila tiba, wauaji wa asili wengi hulegea. Wanaonekana katika damu na wakihesabiwa wamo, lakini hawaui tena kama zamani.

Hata ndani ya chembe kuna walinzi. Mmoja aligunduliwa mwaka 2002. Yeye huharibu maandishi ya virusi yanaponakiliwa, mfano wa mtu anayemwagia wino daftari la mwizi. Virusi vya UKIMWI huja na protini iitwayo Vif ambayo humkamata mlinzi huyo na kumtupa kwenye jaa la chembe. Mwingine, ambaye kazi yake katika vita hivi ilijulikana mwaka 2008, huvifunga kwa kamba virusi vipya ili visiachane na chembe vilikozaliwa. Protini nyingine ya virusi, Vpu, humwondoa naye. Msomaji mwenzangu, virusi hivi vina jeni tisa tu, na kadhaa kati yake ni za kuwafunga mikono walinzi tuliozaliwa nao. Hapo nilielewa kwamba adui huyu hakuanzia kambini. Alianza na lango.

UKUTA WA UTUMBO UNAPOVUJA

Ukiuliza watu chembe za kinga ziko wapi, watakwambia ziko kwenye damu. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe damu ina sehemu ndogo tu. Nyingi zaidi ziko katika tezi na kando ya utumbo, kwa sababu utumbo umejaa bakteria na unahitaji ulinzi mkali.

Katika majuma machache ya kwanza baada ya mtu kuambukizwa, virusi huua sehemu kubwa ya CD4 zilizoko utumboni. Wakati huo, hesabu ya damu inaweza kuonekana kuwa si mbaya. Mtu anapimwa mkononi, na moto uko tumboni. Chembe zile zikishakufa, utando wa utumbo hukosa watunzaji na kuanza kuvuja. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipande vya bakteria wa utumboni hupenya na kuingia katika damu ya watu wenye virusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hauonekani kwa macho.

Vipande hivyo vya bakteria havina uhai, lakini vina ile harufu ambayo walinzi wa kuzaliwa nao wanaitambua. Makrofeji na ndugu zake wa damuni wakiinusa hupiga kengele. Kesho hupiga tena, na kesho kutwa. Hali hii huitwa mchochota. Ni ile joto, wekundu na uvimbe unaoona jipu linapoanza, isipokuwa hapa umetapakaa mwilini kidogo kidogo na hauonekani.

Fikiri kengele ya shule yetu ikilia kuanzia asubuhi hadi jioni bila kunyamaza. Mwanzoni watu watakimbia. Baadaye watachoka, na siku moto ukizuka kweli hakuna atakayeinuka. Kinga ya mtu mwenye virusi asiyetibiwa huishi katika kengele hiyo. Inachoka kwa vita visivyo na adui, na ikifika zamu ya adui wa kweli haina nguvu. Tena kengele yenyewe hudhuru. Mchochota wa miaka huumiza mishipa ya damu, moyo, figo na ini. Zaidi ya hayo, askari walioamshwa na kengele ndio virusi hupenda kuwavamia, kwa hiyo moto unajiongezea kuni.

KILICHOMPATA MAMA MDOGO

Sasa tunaweza kurudi kwa mama mdogo. Viini vya kifua kikuu huingia mapafuni kwa hewa, na wa kwanza kuvipokea ni makrofeji. Huvimeza, lakini viini hivi ni wakaidi. Haviuawi kwa urahisi. Makrofeji huhitaji amri ya CD4, ambayo hutumwa kwa intaferoni ya aina ya gama, ndipo zipate makali ya kuvidhibiti. Makrofeji na CD4 husimama pamoja na kujenga kama ukuta wa kuvizunguka viini, navyo hukaa humo vimelala hata miaka mingi. Watu wengi duniani wana viini vilivyolala namna hiyo na hawaugui.

Mtu mwenye virusi vya UKIMWI akikosa dawa, ukuta huo hubomoka kutoka pande mbili. CD4 zilizouzunguka hufa, na makrofeji zilizobaki hazina nguvu za zamani. Hivyo kifua kikuu kinaweza kumpata mtu mwenye virusi hata kabla CD4 zake hazijawa chache sana. Ndicho kinachoongoza katika kuwaua watu wenye virusi vya UKIMWI duniani. Sikujua hayo siku ile jikoni.

Nilipomaliza kusoma nilikuta kwamba swali aliloniuliza mama mdogo lilikuwa limekwisha kuulizwa na wataalamu. Waliwachukua watu 5,472 wenye virusi katika nchi 33. Nusu waliendelea na dawa kila siku. Nusu nyingine, ambao CD4 zao zilikuwa zaidi ya 350, waliacha dawa na kuzirudia tu CD4 zikishuka chini ya 250. Hesabu ilionekana kuwa ya busara, si ndiyo? Januari 2006 utafiti ulibidi kusimamishwa. Wale walioacha dawa walikuwa wanaugua maradhi nyemelezi au kufa mara mbili na nusu hivi kuliko wenzao, na baadhi yao walipata magonjwa ya moyo, figo na ini. Walikuwa na askari kambini, lakini kengele ilikuwa imerudi kulia.

Kisha ukafanywa utafiti mwingine wa watu 4,685 katika nchi 35, wote wakiwa na CD4 zaidi ya 500. Wengine walianza dawa mara moja, wengine wakangoja zishuke. Mwaka 2015 majibu yalitoka: walioanza mapema walipunguza hatari ya kuugua sana au kufa kwa asilimia 57. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila mwenye virusi aanze dawa bila kungojea CD4 zishuke, na mwaka 2016 Kenya ikafuata utaratibu huo. Ndipo nikaelewa kwa nini kliniki siku hizi hupima zaidi kiwango cha virusi damuni kuliko hesabu ya CD4.

Dawa zenyewe hufanya nini? Haziwaui virusi waliojificha, na ndiyo maana mtu akiziacha virusi huamka tena, mara nyingi kwa majuma machache tu. Lakini zikimezwa kila siku huzuia virusi visizaane. CD4 hupanda, walinzi wa langoni hupumua, na kengele hupungua sauti, ingawa kwa wengi hainyamazi kabisa. Aidha, mtu ambaye virusi vyake vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo na akaendelea na dawa, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono.

MAMA MDOGO ALISEMA NINI

Alipotoka hospitalini nilimwambia ukweli. Nikasema, "Anti, mimi ndiye niliyekwambia wewe ni kama mzima. Nisamehe." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Yeye akacheka kidogo, halafu akakohoa.

"Wacha hiyo maneno, mwanangu. Nilikuwa nimechoka na dawa hata kabla ya kukuuliza. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia niache. Wewe ulipatikana tu."

Hayo hayakunipunguzia uzito sana, lakini yalinifunza. Mtu anayekuuliza swali la afya wakati mwingine ameshajijibu moyoni, na anatafuta shahidi. Ukimpa jibu nusu, atachukua ile nusu anayoitaka.

Alimeza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, na zile za virusi alirudishiwa pia. Sasa amenenepa na amerudi kwenye kibanda chake cha mboga. Kila saa tatu za usiku simu yake hulia, naye humeza kidonge chake mbele yetu bila haya. Kipimo chake cha mwisho kilionyesha virusi havionekani.

HITIMISHO

Wanafunzi wenzangu, UKIMWI ulitangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya mwezi wa Novemba mwaka 1999, kabla sisi hatujazaliwa. Leo dawa zipo, na kwa sababu zipo wengi wetu tumeanza kulegeza kamba. Kinga bora kuliko zote bado ni kutoambukizwa. Kwa hivyo tujihadhari, tusidanganyike kwa starehe za dakika mbili, na aliye na shaka aende apimwe. Tusiwatenge walio na virusi, maana havipitii kwenye kikombe wala kwenye salamu. Hata hapa shuleni wapo wenzetu waliozaliwa navyo. Ukiona mwenzako anameza kidonge kila siku, usimwulize maswali ya kumwaibisha. Na ukiwa wewe ndiye unayemeza, usikubali mtu yeyote, hata awe amepata alama zote za Bayolojia, akwambie kwamba umepona.

Swali lile la mtihani nikiulizwa tena nitaandika hivi: virusi vya UKIMWI huua CD4, ndiyo, lakini pia humgeuza tarishi kuwa mbebaji, humfanya bawabu kuwa maficho, hutoboa ukuta na huacha kengele ikilia. Sijui kama nafasi kwenye karatasi itatosha. Na mama mdogo akiniletea tena karatasi yake jikoni na kuniuliza kama ni nyingi ama ni kidogo, nitamjibu, "Anti, twende tukamwulize Sista."